Kiti Kinachoyumba Hakipakuliwi

Washa mashine ya Out Run, mchezo wa mbio za magari wa Sega, ile kubwa ya kukaa ndani, halafu usiguse kitu.

Kabla hujatia sarafu, gari zima linaanza kujisogeza lenyewe, kiti, usukani na skrini kwa pamoja. Linakwenda upande mmoja mpaka linabonyeza swichi ya mwisho. Linarudi upande wa pili, nako linabonyeza swichi nyingine. Kisha linatafuta swichi ya tatu, ya katikati, na hapo linatulia. Mtu aliyesimama pembeni bila kujua anaweza kudhani mashine imepagawa. Ukweli ni kwamba programu haijui kiti kiko wapi, kwa hiyo inakiuliza. Swichi tatu zinaipa mipaka, na potenshiomita, kifaa kidogo cha kupimia mzunguko, iliyofungwa kwenye utaratibu wa mota inaieleza kila wakati gari limelala kiasi gani. Majibu yasipolingana, mashine inaizima mota na kukuacha uendeshe gari lililoganda.

Hicho kitendo cha sekunde chache hakimo kwenye Out Run ya simu yako.

Swali lililonisumbua wiki kadhaa ni hili. Mchezo huu wa mwaka 1986 leo unapatikana kila mahali, picha zake ni zilezile hadi nukta ya mwisho, na nyimbo tatu za Hiroshi Kawaguchi za kuchagua kwenye redio zipo zote. Kwa nini basi walioucheza kwenye kumbi za mashine za michezo wanaushika, wanacheza dakika mbili, wanautua na kusema siyo wenyewe?

## Labda ni ujana tu

Jibu jepesi ni kwamba wanalilia umri wao. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mfukoni una sarafu nne, marafiki wamekuegemea bega. Kitu chochote cha wakati ule kingekuwa kitamu.

Nililichukulia jibu hilo kwa uzito, na kwa muda liliniridhisha. Kuna hoja nyuma yake. Msogeo wenyewe wa Out Run ni mdogo ukiupima kwa rula. Haukurushi wala haukuzungushi, unakulaza kidogo kwenye kona na kukutikisa ukitoka barabarani. Mtu anaweza kuuliza: kweli tunalilia sentimita chache za kuyumba?

Kilichonigeuza mawazo ni kuangalia programu inatuma nini nje.

Out Run haifuati filamu iliyopangwa ya misogeo. Kila mara inahesabu upya kiti kiende wapi, kwa kuangalia mwendo wa gari, ukali wa kona na usukani ulivyokatwa. Ukienda polepole kona haikuyumbishi sana. Ukiwa kwenye kilele cha kilometa 293 kwa saa, kona ileile inakubeba. Gurudumu likikanyaga mchanga, mota inapewa amri za kwenda kushoto na kulia kwa kupokezana, na unasikia mtikisiko kwenye kiuno huku macho yako bado yapo kwenye lori lililo mbele.

Yaani kiti ni skrini ya pili. Kina habari zake.

Tunapohifadhi programu peke yake, zile amri za mota bado zinahesabiwa, fremu kwa fremu, ndani ya kompyuta ya mezani. Zinatumwa kwenye waya ambao haupo.

## Miaka mitano ya kichaa

Yu Suzuki, mbunifu wa Out Run, na timu yake ya Sega walianza na pikipiki. Hang-On ya mwaka 1985 ilikuwa na umbo zima la pikipiki ambalo mchezaji alilipanda na kulilaza kwa uzito wa mwili wake. Mwaka huohuo ikaja Space Harrier yenye kiti kinachosukumwa na mota. Out Run ikafuata mwaka 1986. After Burner ya mwaka 1987 ilikuwa chumba cha rubani chenye mkanda wa kufunga, kinachobinuka mbele na nyuma na kulala kushoto na kulia. Mwaka 1988 Galaxy Force, kwenye umbo lake kubwa kuliko yote, iliweza kumzungusha mchezaji nyuzi 335 na kumbinua nyuzi 15.

Hizo nyuzi 335 zinastahili kutazamwa. Mashine yenye kikomo cha kuzunguka inaweza kulishwa umeme kwa nyaya za kawaida, ukiziachia ulegevu wa kutosha zijikunje na kujikunjua. Ukitaka mzunguko usio na kikomo, nyaya hizo zitajisokota mpaka zikatike. Unahitaji pete za shaba zinazozunguka huku brashi zikizisugua, na kila brashi ni kitu cha kuchakaa, kuingia vumbi na kupoteza mawasiliano kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sehemu ndogo ya sekunde inatosha kuiangusha programu.

Mwaka 1990 Sega walivuka mpaka huo. Mashine iliitwa R360, nayo ilibeba mchezo wa ndege za kivita wa G-LOC. Ilizunguka kabisa, kwenye mihimili miwili. Ukiipindua ndege, ulining'inia kichwa chini kweli, damu ikikujia usoni.

## Mhudumu ndiye aliyekuwa ghali

Kwenye simulizi za kufa kwa kumbi hizi, lawama zote hupewa PlayStation. Sikubaliani nazo moja kwa moja, na R360 ndiyo sababu.

Fuata mzunguko wa mchezaji mmoja. Anafika, anaambiwa atoe funguo, sarafu na kalamu mfukoni, kwa sababu kitu chochote kitakachodondoka kikiwa juu chini kitageuka jiwe linalozunguka ndani ya kibanda pamoja naye. Anaketi. Anafungwa mikanda, chuma cha mabega kinashushwa, mhudumu anakihakikisha kwa mkono. Anaoneshwa kitufe cha kusimamisha kila kitu. Mhudumu anatoka, anafunga uzio, anaangalia kama hakuna mtoto aliyeingia ndani ya duara, anawasha. Mchezo unachezwa. Kisha hatua zote zinarudiwa kinyumenyume, na kama mchezaji amezidiwa na kichefuchefu kuna hatua nyingine ambazo sitazieleza.

Mashine ya kawaida ya kusimama haihitaji mtu. Inakula sarafu usiku na mchana, na mwenye ukumbi anakuja jioni na ufunguo wa sanduku. R360 ilikula mshahara wa mtu mzima kwa kila saa iliyokuwa wazi, na katika saa hiyo muda mwingi ulikwisha kwenye kufunga na kufungua mikanda.

Hesabu hiyo ingeiua hata kama hakuna aliyewahi kuuza mashine ya kuchezea nyumbani.

Nasema hivi kwa uchungu, maana mhudumu yule ndiye aliyekuwa nusu ya raha. Alikuangalia usoni kabla ya kukufungia. Hapakuwa na njia ya kuingia bila kupita mikononi mwa mtu.

## Pete ya nuru

Daytona USA, mchezo mwingine wa mbio za magari wa Sega, iliwafikia wengi, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba chumba cha rubani kinakamilika kikiwa na majirani. Ilianza kuonekana Japani mwaka 1993 na kusambaa duniani mwaka 1994, kwenye bodi ya Sega iitwayo Model 2. Viti hadi vinane viliweza kuunganishwa, kila kimoja na skrini yake, gia nne za kuingiza kwa mkono, na vitufe vinne vya rangi za kubadilishia mtazamo.

Waya unaoziunganisha ni wa nuru, na umefungwa kwa mtindo wa pete. Tundu la kutuma la mashine ya kwanza linakwenda kwenye tundu la kupokea la mashine ya pili. La kutuma la pili linakwenda kupokea la tatu. Inaendelea hivyo mpaka ya mwisho, ambayo inarudisha nuru kwenye ya kwanza.

Uzuri wa pete ni bei yake nafuu. Ubaya wake kila fundi wa ukumbi ameukuta: mashine moja ikizimika, zote zinasimama. Zinapowashwa zinakaa kwenye ujumbe wa kukagua mtandao, zikisubiri nuru ambayo haitazunguka. Mteja anaona viti vinane vimekufa kumbe kimoja tu kimeungua fyuzi.

Ukikutana na hali hiyo, usianze na bodi. Chomoa waya upande wa kupokea, uelekeze kwenye kiganja, uone kama kuna alama nyekundu. Nuru hii inaonekana kwa macho. Ukiiona, mashine inayotuma ni nzima na waya ni mzima, na tatizo liko mbele yako. Usipoiona, rudi nyuma mashine moja na urudie. Waya wenyewe hufa kwa namna mbili. Ama umekunjwa kona kali nyuma ya mashine iliyosukumwa ukutani, nuru ikavuja kwenye kunjo, ama ncha yake imeingia vumbi. Kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi kinatibu la pili. La kwanza halina dawa, badilisha waya.

Kama mashine moja imekufa kweli na ni Jumamosi jioni, iruke: toa nyaya zake mbili, unganisha jirani wa kushoto na wa kulia kwa waya mmoja mrefu, halafu ingia kwenye orodha ya majaribio uhakikishe mipangilio. Mmoja tu awe mkuu, wengine wafuasi, na namba ya gari isijirudie. Mashine mbili zenye namba moja hazitaonana hata pete ikiwa nzima.

Watu saba watacheza.

Mchezo wa mtandaoni wa leo unakukutanisha na watu wengi kuliko hao, hilo sipingi. Lakini kwenye Daytona ukimgonga mtu kwenye kona ya tatu, unasikia akipiga kelele mita moja kutoka kwako, kwa sikio, siyo kwa spika.

## Chicago, milango ikifungwa

Wamarekani walifika hapohapo kwa njia nyingine. Jordan Weisman na L. Ross Babcock, waanzilishi wa kampuni ya FASA waliotengeneza BattleTech, mchezo wa mezani wa mapigano ya mitambo mikubwa, walifungua BattleTech Center jijini Chicago mwaka 1990, kwenye jengo la North Pier. Hapa kiti hakikuyumba. Walichofanya ni kukufungia ndani.

Uliingia kwenye kibanda, kikafungwa, na mbele yako pakawa na skrini kubwa ya dirisha na skrini ndogo kadhaa za hali ya mtambo wako: joto, silaha, rada. Kulikuwa na kifimbo, kishikio cha mwendo, pedali za miguu na vitufe vya kutosha kumchanganya mgeni. Mgeni hakupewa vyote. Kadiri ulivyozoea, ndivyo ulivyoruhusiwa vidhibiti zaidi, na kibanda kilekile kikawa kibanda kipya.

Kabla ya pambano kulikuwa na maelezo kutoka kwa mhudumu. Baada ya pambano, lililokwenda kama dakika kumi, mlitoka wote na kukabidhiwa karatasi iliyochapwa: nani alimpiga nani, kwa silaha gani, dakika gani. Watu walisimama na karatasi hizo wakibishana. Naona ule ubishi ulikuwa umebuniwa kwa makusudi kama ulivyobuniwa ule usukani. Baadhi ya vibanda hivyo bado vinawashwa, na vingine husafirishwa kwenye maonyesho ya michezo huko Marekani.

Kumbi zilizokusanya mambo haya yote chini ya paa moja hazikudumu. SegaWorld ya London ilifunguliwa Trocadero mwezi Septemba 1996, na kufikia mwaka 1999 Sega walikuwa wamejitoa. Msomaji aliyeko Ghuba alikuwa na Sega Republic ndani ya Dubai Mall tangu mwaka 2009, nayo haipo tena. Japani kwenyewe, biashara ya kumbi za Sega iliuzwa kwa kampuni ya Genda mwishoni mwa mwaka 2020, na jina la Sega likashushwa milangoni.

## Kinachokufa kwanza

Mashine zenyewe zinaoza, na zinaoza kwa mpangilio unaotabirika.

Anza na umeme. Chipu za zama za Out Run zinataka volti 5, na mpaka wake wa chini ni 4.75. Watu hupima kwenye kifaa cha kugeuzia umeme, wakaona 5.1, wakaridhika. Pima kwenye bodi yenyewe, mchezo ukiwa unaendelea. Waya za miaka thelathini na soketi zilizoungua kidogo hula sehemu ya volti hizo njiani, na bodi inayopata 4.7 huonesha picha zenye mistari au kujizima kila mota inapoanza kazi. Kapasita zilizokauka ndani ya kifaa cha umeme ni mshukiwa wa pili. Kabla hujaandika bodi nzima kwenye orodha ya marehemu, maliza hawa wawili.

Usukani unaoruka au gari linaloyumba hovyo ni potenshiomita. Ndani yake kuna njia ya kaboni, na njia hiyo huchakaa zaidi pale inaposuguliwa zaidi, yaani katikati. Kuipulizia dawa ya kusafisha kunaleta nafuu ya muda. Nunua nyingine yenye upinzani uleule ulioandikwa kwenye mwili wa ile ya zamani, kisha ingia kwenye jaribio la vidhibiti. Usukani husomwa kama namba kati ya 0 na 255. Ukiwa umenyooka unatakiwa usome karibu na 128, ambayo mashine itakuonesha kama 80 kwa hesabu yake ya kumi na sita. Legeza skrubu ya gia ndogo, zungusha mhimili mpaka namba ikae, kaza.

Na kamwe usiweke mkono ndani ya utaratibu wa mota umeme ukiwa umewashwa. Mashine hii hujisogeza yenyewe ikiwashwa, kama nilivyosema mwanzo, na haina namna ya kujua kama kilicho njiani ni kidole.

Kuna maradhi mengine mabaya zaidi kwa sababu yalipandwa kiwandani. Super Monaco GP ya mwaka 1989 hutumia chipu ya FD1094, kichakataji chenye ufunguo wa siri unaoshikiliwa na betri ndogo ndani ya kasha lake. Betri ikiisha, ufunguo unapotea na mchezo unakufa, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kwa bahati njema wataalamu wa MAME, programu inayoiga mashine za zamani kwenye kompyuta, walivunja siri hiyo, na leo fundi anaweza kuweka kichakataji cha kawaida cha 68000 pamoja na programu iliyokwisha kufunguliwa. Nina deni la heshima kwa watu hao.

TV ya chogo ndiyo inayonitia hofu. Out Run inataka ya kasi ya kilohezi 15, Daytona inataka ya 24, na zote hazitengenezwi tena. Wengi wanafunga skrini bapa na kigeuzi cha picha katikati. Picha inatoka safi. Lakini kigeuzi kikiishikilia picha fremu tatu kabla ya kuionesha, gari la kilometa 293 kwa saa limeshakwenda zaidi ya mita nne ambazo macho hayajaziona. Na kumbuka mota haipiti kwenye kigeuzi. Kiti kinakulaza kwenye kona, halafu kona inatokea.

Hapo ndipo watu hupata kichefuchefu wasichokielewa.

## Kuhifadhi uzito

Wapo waliolielewa jambo hili mapema. Kampuni ya M2 ya Japani, ilipopeleka Space Harrier na After Burner II kwenye Nintendo 3DS, iliweka hali inayoinamisha picha kama kiti kilivyoinama, pamoja na milio ya mashine yenyewe. Ni picha ya uzito, siyo uzito, lakini angalau walikiri kwamba kuna kitu kilikuwepo.

Chris White alikwenda mbali zaidi. Aliiandika upya injini ya Out Run kwa jina la CannonBall, na bodi iitwayo SmartyPi inairuhusu iendeshe mota halisi ya mashine halisi, pamoja na swichi zake tatu. Programu mpya, kiti kilekile. Bodi za zamani zikiisha zote, mwili wa gari utaendelea kupokea amri.

Bado kuna pengo. Tunajua amri inayotoka. Hatujaandika mahali pamoja jinsi mwili wa mashine ulivyoitikia: uliyumba kwa kasi gani, ulichelewa kiasi gani, ulisimama kwa ukali au kwa upole. Mambo hayo yamo kwenye gia, beringi na uzito wa plastiki, na kila mashine inayotenganishwa kwa vipuri inakwenda nayo.

Kwa hiyo kama una njia ya kuifikia mashine inayoyumba bado, ukumbini, kwa mkusanyaji, popote, fanya hivi kabla haijang'olewa. Funga simu kwa utepe wa gundi kwenye sakafu ya kibanda chini ya kiti, siyo juu ya sponji, maana sponji inameza mtikisiko. Washa programu ya kurekodi msukumo kwa kipimo cha mara 100 kwa sekunde au zaidi, na uanze kurekodi kabla ya kuwasha mashine, ili upate ule msogeo wa kujipima. Cheza mchezo mmoja mzima. Mtu wa pili apige video ya fremu 60 kwa nyuma, rula ikiwa imesimamishwa kwenye sakafu nyuma ya mashine, skrini na ukingo wa gari vyote vikionekana. Rudia bila mtu kitini, kwa sababu uzito wa mchezaji hubadilisha mwitikio wa mota. Andika volti za mota, toleo la mashine, na kama beringi zimewahi kubadilishwa.

Faili zote ni chini ya ukubwa wa filamu moja. Ziweke karibu na programu ya mchezo, jina la folda liwe lilelile.